Hiari ya Kadogo

Liko neno katika lugha yetu ambalo asili yake ni ya nyumbani, neno la mama na la dada mkubwa, litamkwalo kwa sauti ya chini mtoto anapobebwa mgongoni au anapofutwa machozi, na ambalo katika muda wa miezi michache, baina ya Oktoba 1996 na Mei 1997, lilitolewa nyumbani likapelekwa vitani. Neno hilo ni kadogo. Sisi wa pwani twasema kidogo au kitoto. Ndugu zetu wa Kivu, wa Maniema na wa Katanga hupenda kutumia ka- mahali petu pa ki-, na vinywani mwao ka- hiyo ina huba. Majeshi ya Laurent-Désiré Kabila, yaliyoanzia mashariki ya Kongo na kuteka Uvira, Bukavu na Goma, kisha yakaivuka nchi ile kubwa hata yakaingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997, yalikuwa na watoto kwa maelfu; na watu wa Kinshasa waliojipanga kando ya njia kuwatazama waliomshinda Rais Mobutu waliona wavulana waliochoka, wamevaa mabuti ya mpira, wengi wao hawajui Kilingala cha mji ule wala Kifaransa cha serikali, lugha yao ni hii yetu. Tangu hapo neno kadogo limeingia katika taarifa na vitabu vya mataifa kwa maana ya askari mtoto. Katika maneno yote ambayo Kiswahili kimeipa dunia, hili ndilo linaloniuma zaidi.

Wala si jambo la mbali. Tangu 1996 kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, imewahifadhi watu wa Kivu Kusini waliovuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita hivyo hivyo, na tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtoto wa Uvira na mtoto wa Ujiji huoga maji ya ziwa moja.

Alasiri moja, barazani, mzee mmoja ninayemheshimu, mtu aliyesoma na kusafiri, alitoa rai yake juu ya watoto hawa, na kila aliyekuwapo akaiitikia kwa kichwa. Baadaye niliisikia ndani ya basi, nikaisikia kwa watu wa ofisini, nikaisikia hata kwa mwalimu. Na kila mara ilisemwa kwa utulivu, kama jambo lililokwisha kuthibiti na lisilo na haja ya hujja. Nitaieleza kama wenyewe wanavyoieleza, bila kuipunguzia nguvu.

Wasema kwamba vijana wale, wengi wao, hawakushikwa. Walikwenda wenyewe, ama kwa kuchoka na umaskini, ama kwa kutamani bunduki na heshima yake, ama kwa kulipiza kisasi cha wazazi wao. Wasema kwamba kwa Mwafrika kijana wa miaka 13 au 14 si mtoto, kwani babu zetu walishika mikuki katika umri huo, na hii hesabu ya miaka 18 ni desturi ya Wazungu iliyoletwa na mashirika yao. Wasema pia kwamba katika nchi ambayo kila kilima kina mwenye bunduki wake, mtoto mwenye silaha yu salama kuliko asiye nayo. Na mwisho wasema kwamba, hata tukiwahurumia, aliyekwisha kuua akiwa mdogo ameharibika. Asaidiwe, apewe cherehani au msumeno, lakini jamii ijihadhari naye, kwa kuwa samaki hukunjwa angali mbichi, na huyu amekwisha kukauka.

Wakati mzee yule anasema hayo, mvulana wa nyumba ile, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa akipita na dele la kahawa na vikombe. Alipomfikia mzee, mzee alikatiza maneno yake, akamshika mvulana kifundo cha mkono, akamwambia, "Taratibu, mwanangu, usije ukaungua," akalipokea dele mwenyewe, akajimiminia. Kisha akaendelea na habari ya hiari ya watoto wa Kongo. Sikuwa na jibu tayari siku ile. Haya ndiyo majibu yangu.

1. Kwamba walikwenda kwa hiari yao

Hiari ni neno zito, na watu wa mwambao hawana udhuru wa kutoijua maana yake. Hachagui ila mwenye mambo mawili au zaidi mbele yake, mwenye akili ya kuyapima, na mwenye nafasi ya kukataa. Mtoto wa miaka 12 akienda kwa mnunuzi akamwuzia shamba la minazi aliloachiwa na marehemu baba yake, hata akitia sahihi mbele ya mashahidi, hata akiapa kwamba hakulazimishwa na mtu, kadhi ataibatilisha bei ile, na atakayelaumiwa ni mnunuzi. Hapana atakayemgeukia mtoto na kumwuliza kwa nini aliuza. Na atakayenijibu kwamba baleghe huja kabla ya miaka 18, namkumbusha kwamba mafakihi wetu hawakutosheka na baleghe peke yake katika kumkabidhi yatima mali yake. Walitaka na rushdi, yaani ithibati kwamba anaijua faida na hasara. Ikiwa mnazi mmoja wa yatima umewekewa ulinzi wote huu, sijui ni kwa sharia gani roho yake yeye yatima iachwe bila msimamizi.

Tena tuitazame hali ambamo hiari hiyo husemwa kuwa ilitendeka. Shule imefungwa, au imegeuzwa makao ya askari. Baba ameuawa au hajulikani alipo. Mihogo ya msimu huu imeng'olewa na wapitao njia, mbuzi wamechukuliwa, na kwenda mtoni ni hatari. Palipo na chungu mekoni ni mahali pamoja tu, nako ni kambini kwa wenye bunduki. Mtoto akienda pale amefuata moshi wa chakula, na kumwita mtu huyo mwenye kujitolea ni sawa na kumwambia mtu aliyerukia maji kutoka katika jahazi linaloungua kwamba alipenda kuogelea.

Wapo pia ambao hawakupata hata hiyo nafasi ya kudanganyika. Junior Nzita Nsuami, ambaye leo ni mtu wa kujulikana kwa kuwa ameandika kitabu cha maisha yake na Machi 2015 alisema mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, alikuwa na miaka 12 mwaka 1996, mwanafunzi wa bweni huko Kivu. Askari wa Kabila walikuja shuleni wakawachukua wanafunzi. Alitumika jeshini miaka kumi. Huyu ni kadogo wa vita vile vile ambavyo barazani twaambiwa kwamba kila aliyekuwamo alijipeleka.

Nadhani najua rai hii ilipopata nguvu yake. Mtoto anapotoka msituni na kuulizwa na karani mwenye fomu, "Ulishikwa, au ulikwenda mwenyewe?" wengi hujibu, "Nilikwenda mwenyewe." Karani huandika, na mwandiko huo hugeuka hesabu, na hesabu hugeuka hoja. Lakini mtoto aliyepoteza kila kitu huona ni afadhali aseme kwamba alichagua kuliko kusema kwamba alibebwa kama kuku wa sokoni. Jibu lile ni kipande cha mwisho cha heshima yake, naye hakulitoa ili liwe kinga ya waliomtumia.

Wenye majeshi wenyewe hawaiamini hiari hiyo. Siku ya kugawa risasi mtoto huambiwa kwamba yeye ni mwanamume; siku ya kugawa posho huambiwa kwamba yeye ni mtoto, angoje wakubwa. Siku ya kupita njia iliyotegwa hutangulizwa kwa kuwa ni mwepesi. Siku ya kutia sahihi mapatano na kugawana vyeo jina lake halimo, kwa kuwa ni mdogo. Akikimbia husakwa kama askari mtoro, jambo ambalo lisingekuwa na maana kama kuja kwake kulikuwa kwa ridhaa, kwani ajaye kwa ridhaa huondoka kwa ridhaa.

Nayo sheria ya mataifa haikuliacha jambo hili bila kulikata. Thomas Lubanga Dyilo, aliyekuwa kiongozi wa kundi la UPC huko Ituri, Kongo, ndiye mtu wa kwanza kutiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, tarehe 14 Machi 2012, kwa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 kwa nguvu, kwa kuwapokea wale waliojileta, na kwa kuwatumia vitani baina ya Septemba 2002 na Agosti 2003. Msomaji aiangalie sana namna ile ya pili. Waliotunga sheria walijua kwamba watatokea watu wa kusema "alijileta mwenyewe", wakaiziba njia hiyo mapema: mwenye kumpokea mtoto aliyejileta ana hatia kama mwenye kumkamata, na ridhaa ya mtoto haimwokoi.

Katika kesi hiyo limo jambo jingine lisilosemwa sana, nami siwezi kulipita. Majaji walikataa kuutegemea ushahidi wa wale walioletwa mbele yao kuwa ni kadogo wa zamani, takriban wote, kwa kuwa waliona hatari kwamba watu wa kati waliotumiwa kuwatafuta mashahidi walikuwa wamewashawishi juu ya la kusema. Watoto wale, ikiwa ndivyo ilivyokuwa, walitumiwa na watu wazima kwa mara ya pili, safari hii katika jina la haki. Miongoni mwa vilivyosimama mahali pa maneno yao ni picha za video, mojawapo iliyochukuliwa katika kambi ya Rwampara mwezi Februari 2003, ambamo kiongozi yule anawahutubia waandikishwa, na kati ya waliosimama kumsikiliza wapo ambao kwa uso na mabega yao hawahitaji cheti cha kuzaliwa. Hukumu ya kwanza ya Mahakama ile ilishikiliwa kwa sehemu na umbo la mwili wa mtoto, ambalo mzee yule barazani alilitambua mara moja alipomwona mvulana na dele la kahawa.

2. Kwamba ni mila yetu, na miaka 18 ni ya Wazungu

Atajaye mila na ataje mila kamili. Kijana wa Kimaasai haingii katika urika wa moran kwa kunyakuliwa usiku. Hutahiriwa mbele ya watu wake, huingia pamoja na rika lake, huishi chini ya macho ya wazee wanaolijua jina lake, ukoo wake na ng'ombe wa baba yake, na iko sherehe, eunoto, inayomtoa katika ujana wa vita na kumwelekeza kwenye utu uzima. Kuingia kuna mlango na kutoka kuna mlango, na milango yote miwili inalindwa na wazee.

Sasa tuyatazame majeshi haya. Katika jeshi la Joseph Kony, kaskazini mwa Uganda, watoto waliotekwa walilazimishwa kuwaua watoto wenzao waliojaribu kutoroka, na wengine jamaa zao wenyewe, ili kwamba pasiwe na nyumba ya kurudi. Katika makundi mengi ya Kongo mtoto hupewa jina jipya, la mnyama au la sinema, na lile alilopewa na bibi yake husahauliwa. Mila humtwaa mtoto kutoka kwa mama na kumkabidhi kwa jamii nzima. Wenye bunduki humtwaa kutoka kwa jamii nzima na kumkabidhi kwa mtu mmoja. Mambo haya mawili hayana nasaba.

Na habari ya miaka 18 ni kinyume kabisa cha inavyosimuliwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa 1989, katika kifungu chake cha 38, ulitosheka na miaka 15 katika jambo la uaskari. Waliosema 18 bila kuacha upenyo walikuwa Waafrika: Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwezi Julai 1990, unasema kwamba mtoto ni kila binadamu aliye chini ya miaka 18, na kwamba asiandikwe jeshini wala asishiriki vita. Umoja wa Mataifa ulihitaji miaka kumi zaidi kuifikia itifaki yake ya Mei 2000, na hata itifaki hiyo inaziruhusu serikali kuwapokea wenye miaka 16 na 17 wanaojitolea kwa masharti. Uingereza hadi leo huwapokea vijana wa miaka 16 kwa idhini ya wazazi. Basi anayeikataa miaka 18 kwa kuikimbia desturi ya kigeni ajue kwamba aikimbiayo ni sauti ya Afrika yenyewe.

3. Kwamba bunduki ni kinga

Hoja hii haihitaji maneno mengi. Bunduki ya Kalashnikov, ambayo ndiyo ya kawaida katika vita hivi, ina urefu wa sentimeta 87 hivi, na ikiwa na risasi zake hufika kilo nne. Mtoto wa miaka kumi ana kimo cha sentimeta 138 au pungufu. Akiitundika begani kitako chake humgonga gotini kila hatua, hata alazimike kuufunga mkanda fundo. Anayemtazama kwa mbali kupitia tundu la kulengea haoni fundo hilo. Huona mwenye silaha, na mwenye silaha hulengwa.

Mtoto asiye na bunduki huweza kujificha chini ya kitanda, kuchanganyika na wanawake wanaokimbia, kulia, kuinua mikono. Mwenye bunduki amenyang'anywa hayo yote. Makundi ya Mai-Mai ya Kongo, ambayo jina lao linatokana na neno letu maji, yamewatanguliza watoto kwa itikadi kwamba dawa ya maji humkaa vema asiyemjua mwanamke. Na huko Kasai, tangu 2016, watoto wa kundi la Kamuina Nsapu walivishwa vitambaa vyekundu kichwani, wakatiwa fimbo mikononi, wakaambiwa kwamba risasi haziwaingii, wakapelekwa kwenye mitutu ya jeshi la serikali. Waliozikwa huko walikingwa na nini? Na anayetekwa au kujisalimisha mara nyingi huishia kizuizini, akihojiwa kama adui, na watu wale wale waliopaswa kumrudisha kwao.

Wasiotajwa katika rai hii

Katika muda wote niliokuwa nikiisikia rai hii, barazani na penginepo, sikumsikia mtu hata mmoja akisema neno msichana. Kadogo wa mazungumzo yetu ni mvulana. Huku si kusahau kwa bahati. Rai yenyewe haiwezi kumtaja, kwani ikimtaja habari ya hiari na ushujaa huanguka palepale.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, watu wa Kony walivamia shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, kaskazini mwa Uganda, wakawachukua wasichana 139. Naibu mkuu wa shule, mtawa wa Kiitalia, Rachele Fassera, aliwafuata msituni pamoja na mwalimu mmoja, akawafikia, akamsihi kamanda ampe wasichana wote. Kamanda alishika kijiti akaandika chini mchangani: wasichana ni 139, nakupa 109, nabaki na 30. Mtawa alirudi na 109. Wale 30 waliobaki waligawiwa kwa makamanda, wakaitwa wake. Ninaomba msomaji akitazame kijiti kile kikipita mchangani, kikitoa na kujumlisha, na wasichana wenyewe wamesimama wakikitazama.

Katika Ituri wasichana wa jeshini walikuwa na jina lao la kiaskari, PMF, na kazi zao zilikuwa za aina mbili, za mchana na za usiku. Mpaka tarehe 8 Julai 2019, Bosco Ntaganda, mmoja wa makamanda wa Lubanga, alipotiwa hatiani, haikuwa imepata kutokea kiongozi wa vita kuhukumiwa na Mahakama ile kwa utumwa wa ngono uliofanyiwa wasichana wa kundi lake mwenyewe. Na katika mipango ya kuwarudisha askari nyumbani, iliyoanza kwa kuuliza, "Bunduki yako iko wapi?" msichana aliyekuwa akipika, akibeba na kulala alikoamriwa hakuwa na bunduki ya kurudisha, basi hakuhesabiwa; alirudi peke yake kwa njia ya nyuma, na mtoto mgongoni, na kijiji kikamwuliza baba wa mtoto ni nani.

4. Kwamba wameharibika

Hapa nakutana na hoja ambayo wenye rai huitoa wakiwa na yakini zaidi, nao wana mfano. Dominic Ongwen, wasema, alitekwa mtoto, akawa kamanda wa Kony, akateketeza kambi za watu. Ni kweli. Alitekwa mnamo 1987, akiwa na miaka tisa hivi, njiani kwenda shule. Na tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61, ya baina ya 2002 na 2005, kisha ikampa kifungo cha miaka 25. Simtetei, na waliounguliwa na nyumba zao huko Lukodi na Abok hawahitaji kusikia mtu wa mbali akimtetea. Lakini majaji, waliosikia mengi kuliko sisi, walikataa kumpa kifungo cha maisha, na mojawapo ya sababu zao ilikuwa utoto wake ule. Na mkataba ulioiumba Mahakama hiyo unaikataza kumshitaki mtu yeyote kwa jambo alilotenda kabla ya kutimiza miaka 18. Mfano wa Ongwen hauthibitishi kwamba mtoto aliyetekwa huharibika. Wathibitisha kwamba mtoto wa miaka tisa aliachwa msituni hata akawa mtu mzima, na walioiona miaka hiyo yote ikipita wasimfuate ni wengi.

Kama kuna watu duniani wenye haki ya kusema, "Hawa wameharibika, tusiwakaribishe," watu hao ni Waacholi, walioibiwa watoto, wakakatwa midomo, wakasongamanishwa makambini miaka na miaka. Wao hawakusema hivyo. Wanayo desturi ya kumpokea aliyekaa mbali na kwao: kizingitini huwekwa yai bichi, pamoja na kijiti cha opobo ambacho utomvu wake hutumika kama sabuni, na upondo wa kufungulia ghala ya nafaka. Anayerudi hulikanyaga yai, likapasuka, akavuka, akaingia. Wazee walitoa desturi hiyo iliyokuwa ya nyumba moja moja wakaifanya kwa makundi ya vijana waliotoka kwa Kony. Nayo Uganda ilipitisha sheria ya msamaha mwaka 2000, kwa kusukumwa sana na wazee, maaskofu na masheikhe wa huko kaskazini, ambao watu wao ndio walioshambuliwa na waliosamehewa. Sisi tusiopoteza hata kuku katika vita vile tumekuwa wagumu kuliko wao.

Na hiyo cherehani na msumeno tunaoutaja kwa ukarimu? Tangu 2004 Kongo imewatoa jeshini na katika makundi watoto zaidi ya 30,000, kazi kubwa ambayo sitaidharau. Lakini wengi walikaa katika vituo vya muda kwa miezi mitatu hivi, wakafundishwa useremala au ushonaji, wakapewa vyombo, wakarudishwa vijijini ambako hakuna anayenunua meza wala anayeshonesha gauni, kwa sababu vita havijaondoka. Randa huuzwa wiki ya pili. Anayetaka kurudi shule huketi, na miaka yake 17, dawati moja na watoto wa miaka kumi, kwenye darasa aliloliacha. Akishindwa husemwa kwamba ameharibika. Akirudi msituni husemwa kwamba ni kwa hiari yake. Na hivyo hoja ya nne huizaa tena hoja ya kwanza, na mzunguko ukafungika. Mahakama ilikadiria mwezi Desemba 2017 kwamba Lubanga anadaiwa fidia ya dola milioni 10 kwa waathirika wake, na kwa kuwa alihesabiwa kuwa hana kitu, mzigo ukaangukia mfuko unaotegemea michango ya serikali. Hiyo ndiyo bei ambayo watu waliokaa wakapima waliitaja, kwa kundi moja, kwa mwaka mmoja. Anayedhani deni hili hulipwa kwa msumeno hajapiga hesabu.

Katika mwaka 2024 peke yake Umoja wa Mataifa ulithibitisha makosa makubwa 41,370 dhidi ya watoto katika vita vya dunia, na 4,043 kati yake yalitendeka Kongo. Januari 2025 Goma ilitekwa tena, na Februari Bukavu. Kwa hiyo rai hii itasemwa tena, barazani na ndani ya mabasi, juu ya watoto wapya. Namwomba msomaji, siku atakapoisikia, asiulize mtoto alikwenda vipi. Aulize ni nani aliyempokea, ni nani aliyemwuzia huyo bunduki, na yuko wapi leo.

Juu ya mmoja wao jibu linajulikana. Thomas Lubanga alimaliza kifungo chake cha miaka 14 mwezi Machi 2020, akatoka. Mwaka 2025 alitangaza kundi jipya lenye silaha kwa ajili ya Ituri. Mvulana aliyekuwa na miaka 12 aliposimama kumsikiliza Rwampara, Februari 2003, kama yu hai, mwaka huo alitimiza miaka 34, umri wa mtu kuwa na mtoto wa miaka 12.